Ulirudisha grini kadi na sasa unataka kwenda Marekani kutembea tu: hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kujazia watu fomu za safari, na kundi ninalolipokea sana siku hizi ni wazazi waliofanyiwa grini kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani) na watoto wao, wakaenda, wakakaa kidogo, baridi na upweke vikawashinda, wakarudi nyumbani, na sasa wanataka kwenda kuwaona wajukuu wiki kadhaa halafu warudi zao. Wapo na vijana waliorudi kwa sababu ya kazi au biashara. Swali lao ni moja: ukishairudisha kadi, wanakufungia?

Hawakufungii. Hakuna sheria inayosema aliyeacha ukaazi wa kudumu kwa hiari haruhusiwi kukanyaga tena Marekani. Ila sasa unaingia kama mgeni, na kila afisa utakayekutana naye ana jambo moja kichwani: huyu ataondoka kweli? Na ukiiangalia vizuri, kurudisha kadi ni ushahidi mzuri upande wako, maana ulikuwa na haki ya kuishi kule ukaiachia mwenyewe. Shida ni kwamba watu wanauficha huo ushahidi badala ya kuutumia.

Kama uliwahi kufukuzwa na jaji au una kesi ya jinai kule, mwongozo huu haukuhusu, tafuta wakili wa uhamiaji.

Hatua ya 1: Hakikisha ukaazi umefungwa kwa maandishi

Hapa ndo wengi wanajichanganya. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ikipita, kilichokwisha ni kadi, ukaazi wenyewe bado upo. Vilevile ukikaa nje mwaka mzima au zaidi bila kibali cha kurudi, kadi haikuingizi tena, lakini kwenye kompyuta zao unaweza kuwa bado unasomeka mkaazi wa kudumu mpaka uache mwenyewe kwa fomu au jaji wa uhamiaji aamue. Sasa wewe unaenda kuomba viza ya utalii, ubalozi unakuta ni mkaazi, unaambiwa kalete kwanza fomu ya kuacha ukaazi, I-407, na ada umeshalipa na hairudi.

Fomu I-407 ndiyo ya kuacha ukaazi, iko kwenye tovuti ya idara yao ya uhamiaji, uscis.gov, ni bure na ni fupi. Utaandika namba yako ile inayoanza na A (iko kwenye kadi), tarehe uliyoondoka Marekani mara ya mwisho na sababu ya kuacha. Sababu iwe ya kweli na fupi, mfano nimestaafu na ninaishi nyumbani na familia yangu, inatosha, usianze kulalamika kuhusu serikali yao. Kadi yenyewe unaiweka ndani ya bahasha pamoja na fomu, kama imepotea kuna sehemu ya kueleza. Mtoto chini ya miaka 14 anasainiwa na mzazi au mlezi.

Fomu inatumwa kwa posta. Anwani ichukue kwenye ukurasa wa fomu siku ile ile unayotuma, kwa sababu huwa wanabadilisha, usichukue iliyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Zamani watu walikuwa wanakabidhi ubalozini, siku hizi ubalozi unapokea kwa sababu za pekee sana tu. Tuma kwa njia yenye namba ya kufuatilia mzigo, na kabla hujafunga bahasha skani kila kitu, kadi pande zote mbili, kurasa zote za fomu na risiti ya posta. Zitunze kwenye barua pepe yako, maana mpaka barua yao ya kuthibitisha kwamba umeacha ukaazi ifike hizo ndizo uthibitisho wako pekee.

Kuna waliosaini fomu hii eapoti, afisa kawaambia umekaa nje sana, saini hapa. Ujue kusaini ni hiari, ukikataa una haki ya kusikilizwa na jaji. Ila kama ulishasaini, yameshapita, cha muhimu uwe na kopi yake.

Hatua ya 2: Malizana na kodi zao

Ukaazi usipofungwa, IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) wanaendelea kukuhesabu kama mlipa kodi wao hata kama hujafika kule miaka mingi, ndio maana hatua ya kwanza nimeikazania. Mwaka ulioacha kadi unatakiwa kupeleka ritani yenye sehemu mbili, kipindi cha ukaazi na kipindi cha baada yake. Na kama ulikuwa na grini kadi ndani ya miaka 8 au zaidi kati ya miaka 15 ya mwisho, hata mwaka ambao uliishika siku chache tu unahesabika, unajaza pia fomu 8854 ya IRS. Hapo mwenye mali halisi ya dola milioni 2 na kuendelea anaweza kuangukia kodi ya kuondoka, na hata asiye na mali hiyo anaweza kuingizwa kundi hilo kwa kushindwa tu kuthibitisha kwamba ritani zake za miaka 5 ziko sawa. Hili mpe mhasibu anayejua kodi za Marekani, usinipe mimi.

Hatua ya 3: Jua mlango wako

Pasipoti za Afrika Mashariki zote zinahitaji viza, ya matembezi ni B-2, mara nyingi wanaitoa kama B-1/B-2. Mwenye pasipoti ya Uingereza au nchi nyingine iliyo kwenye mpango wa kuingia bila viza anaomba kibali cha mtandaoni kinachoitwa ESTA, anapata siku 90 na haziongezwi, lakini naye asiombe kabla ukaazi haujafungwa.

Kabla hujalipa chochote angalia kama nchi ya pasipoti yako ina vizuizi vya kuingia, au iko kwenye orodha ya dhamana iliyoanza Agosti 2025, ambapo muombaji wa viza ya mgeni anaweza kutakiwa kuweka dola 5,000 mpaka 15,000 zinazorudishwa akifuata masharti na kuondoka kwa wakati. Orodha hizi zinabadilika ghafla sana. Ada ya viza ya B ni dola 185, na sheria ya Julai 2025 imeweka ada nyingine ya dola 250 juu yake, kwa hiyo soma ukurasa wa malipo wa ubalozi siku hiyo hiyo unapolipa.

Hatua ya 4: Jaza DS-160 bila kuficha kitu

Hii ni fomu ya mtandaoni ya kuombea viza, na ndo roho ya safari nzima. Tenga muda, maana ukiiacha fomu kama dakika 20 bila kugusa inakutoa, na kama hukusevu unaanza upya. Kitu cha kwanza kabisa nakili ile namba ya maombi inayotokea mwanzoni pamoja na jibu la swali la usalama, bila hivyo huwezi kuirudia fomu yako.

Sasa maswali yanayomhusu mtu kama wewe. Watakuuliza namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya kule), unayo tangu enzi za kadi, iandike, usiweke kwamba haikuhusu. Watauliza kama umewahi kupewa viza ya Marekani, jibu ni ndiyo, ile viza ya uhamiaji uliyoingia nayo mara ya kwanza inahesabika hata kama pasipoti ile ni ya zamani. Watauliza kama wewe ni au umewahi kuwa mkaazi wa kudumu, ndiyo, na kisanduku cha maelezo kikifunguka andika kwa Kiingereza chepesi kitu kama: nilikuwa mkaazi kuanzia mwaka fulani, nilirudisha kadi kwa hiari kupitia I-407 tarehe fulani, sasa ninaishi moja kwa moja nyumbani. Sentensi moja imebeba kila kitu.

Halafu kuna swali la kama kuna mtu amewahi kukuombea uhamiaji. Kama kadi uliipata kupitia mwanao, jibu ni ndiyo, hata kama maombi yale yalishatumika na kuisha. Watu wanaweka hapana kwa sababu wanaona ni habari za zamani, na afisa anayo kwenye skrini yake tangu kabla hujakaa kwenye kiti. Kosa dogo la fomu linasameheka lakini wakiamua umedanganya makusudi ili upate viza, hiyo adhabu yake inaweza kuwa kuzuiwa maisha yote.

Na hapa niongee na nyie watoto mlioko kule. Mnapenda kumwombea mzee grini kadi upya "ikae tu kwenye foleni". Anaruhusiwa kuombewa tena, ila maombi hayo yakiwa wazi yanasema mzee ana nia ya kuhamia, na wiki hiyo hiyo mzee anasimama dirishani anasema naenda kutembea. Chagueni moja.

Hatua ya 5: Dirishani ubalozini

Omba kwenye nchi ya uraia wako au unakoishi. Intavyuu yenyewe ni dakika chache na umesimama. Sheria inamtaka afisa aanze kwa kuamini kwamba unataka kuhamia, mpaka umwonyeshe vinginevyo, na ukinyimwa kwa hilo utapewa karatasi yenye namba 214(b). Usiichukulie kama kufungiwa, unaweza kuomba tena, japo kuomba tena bila kitu chochote kubadilika ni kutupa hela.

Swali litakuja tu: kwa nini uliacha grini kadi? Mzazi mmoja anajibu vizuri, nimestaafu, nyumba yangu na mume wangu viko hapa, nilishindwa kukaa kule muda wanaotaka. Mwingine anasema kadi ilinisumbua lakini Mungu akipenda nitapata tena. Huyo wa pili ameshajimaliza.

Angalieni na neno "kulea". Ukisema naenda kumsaidia binti yangu kulea mtoto ili yeye arudi kazini, afisa anaweza kuisikia kama kazi ya yaya, na mgeni haruhusiwi kufanya kazi. Kama unachokwenda kufanya ni kumwona mjukuu, sema naenda kumwona mjukuu, nakaa wiki kadhaa, narudi. Kama kweli mpango ni kulea miezi sita, basi mpango wenyewe ndo wa kubadilisha, maana hapo hata maneno mazuri hayakusaidii.

Beba I-407 na barua yao, hati ya nyumba au shamba, karatasi za pensheni au kazi, stetimenti za benki. Huenda wasiangalie hata moja.

Hatua ya 6: Mzigo

Kopi ya I-407 na tiketi ya kurudi ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiende kwenye sanduku. Acha nyumbani vyeti vya kazi, sare za kazi, wasifu wa kuombea kazi, na nguo za miaka miwili. Maafisa wa eapoti wana mamlaka ya kufungua simu yako, kwa hiyo meseji za "nikifika nitafutie shifti" zinasomeka. Leseni ya udereva ya jimbo ulilokuwa ukiishi nayo inaleta maswali, kwa sababu ilitolewa kwa mtu anayeishi pale. Chukua bima ya matibabu ya msafiri, hospitali ya kule bila bima ni balaa.

Hatua ya 7: Eapoti

Panga mstari wa wageni. Miguu ikikupeleka mstari wa wenye grini kadi kwa mazoea utarudishwa, na sio mwanzo mzuri.

Alama za vidole zikisomeka, historia yako yote inatokea, na mtu aliyewahi kuwa mkaazi mara nyingi anapelekwa chumba cha pili kuulizwa zaidi. Usitetemeke, ni kawaida. Mnakaa kwenye viti, simu kwa kawaida hairuhusiwi, unasubiri jina. Mwambie mapema anayekuja kukupokea kwamba inaweza kuchukua saa kadhaa asianze kupiga simu kila mahali. Ukiitwa toa ile kopi ya I-407, jibu ulichoulizwa, nyamaza. Kiingereza kikikusumbua omba mkalimani kuliko kuitikia "yes" kwa kila kitu, maana majibu yako yanaandikwa na wanaweza kukutaka uyasaini.

Hatua ya 8: Hesabu siku zako

Ukishatoka eapoti, fungua tovuti ya I-94, yaani rekodi yao ya kuingia na kuondoka kwako, uichapishe. Tarehe ya kuondoka ni ile iliyoko pale, tarehe ya kwenye viza inahusu kuingia tu. Wa B-2 wengi wanapewa miezi sita. Kagua na daraja waliloandika (yaani umeingia kama nani, mfano B-2), likisomeka vingine uliza mapema. Ukipitiliza hiyo tarehe viza yako inakufa papo hapo, ukipitiliza zaidi ya siku 180 ukaondoka unazuiwa miaka 3, ukifikisha mwaka ni miaka 10.

Kuna na hesabu ya kodi ambayo wengi hawaijui. IRS wanachukua siku zako zote za mwaka huu, theluthi ya siku za mwaka jana, na moja ya sita ya mwaka juzi, jumla ikifika 183 (na mwaka huu umekaa angalau siku 31) unarudi kuwa mkaazi kwa kodi hata bila kadi. Anayekaa siku 120 kila mwaka anapata 120, 40 na 20, jumla 180, yuko salama. Anayekaa 122 amefika. Kuna fomu 8840 ya kujitetea kama mwaka husika hujafika siku 183 na maisha yako yako nyumbani, lakini ni rahisi zaidi kuondoka mapema.

Ukirudi nyumbani ingia tena kwenye I-94 uone kama kuondoka kwako kumeandikwa, na tunza kipande cha tiketi ya ndege, au ushahidi mwingine wa safari kama ulitoka kwa barabara, endapo hakujaandikwa. Safari inayofuata hakuna sheria inayotaja ukae nyumbani muda gani kwanza, ila mimi wateja wangu nawaambia wakae nyumbani angalau muda mrefu kuliko waliokaa kule, na wakikaa mara mbili yake ndo vizuri zaidi.