Vivinjari viwili kwenye simu moja: kimoja cha kusoma, kingine cha pesa

Ukinunua simu ya Android Kampala, Arua au Kasese, unaikuta na kivinjari tayari, yaani programu ya kufungulia tovuti, na mara nyingi ni Chrome. Hivyo ndivyo ushindani wa vivinjari umekuwa ukiamuliwa tangu zamani: anayekuwa wa kwanza kwenye kifaa ndiye anayebaki na mtumiaji. Netscape Navigator ilitoka Desemba 1994 ikatamba, mpaka Microsoft ilipoiunganisha Internet Explorer na Windows bila malipo. Serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft mwaka 1998, lakini Netscape haikuinuka tena. Chrome ilizinduliwa 2008, na leo inakuja ndani ya simu nyingi za Android. Ni kivinjari kizuri, ila anayenunua MB kwa vipimo vidogo anahitaji cha pili kando yake, hasa kwa kuwa tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda inatozwa ushuru wa 12%.

Cha pili tunachopendekeza ni Opera Mini. Ilitengenezwa katikati ya miaka ya 2000 kwa ajili ya simu ndogo za vitufe, na ubora wake uko kwenye njia inayopitisha ukurasa. Ukiwasha akiba ya data ya kiwango cha juu kabisa, simu haiendi kwenye tovuti yenyewe. Seva za Opera, yaani kompyuta za kampuni hiyo, ndizo zinazoufungua ukurasa, zinapunguza picha, zinaubana, kisha zinakutumia kifurushi chepesi. Gazeti lenye picha nyingi linafunguka hata mtandao ukiwa dhaifu.

Iweke kutoka Play Store, fungua menyu yake, tafuta sehemu ya akiba ya data, chagua kiwango cha juu kabisa. Kisha nenda Mipangilio ya simu, Programu, Programu chaguomsingi (zile simu inazozifungua yenyewe bila kukuuliza), Kivinjari, uchague Opera Mini. Majina hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Ukipotea, andika "chaguomsingi" kwenye kisanduku cha kutafutia juu ya Mipangilio. Chrome usiiondoe, utaihitaji.

Pima mwenyewe kabla ya kuamini. Zima Wi-Fi, fungua Mipangilio, kwenye matumizi ya data uone kila programu imekula MB ngapi, uandike. Fungua kurasa tano zilezile kwenye Chrome, kisha kwenye Opera Mini, urudi kusoma tena. Kosa la kawaida ni kurudia jaribio bila kufuta kache: kivinjari kinatoa picha zilizokwisha hifadhiwa kwenye simu, unadhani kimebana data kumbe hakikupakua kitu. Futa data ya kuvinjari, ukichagua picha na faili zilizohifadhiwa tu, manenosiri yaache. Video usizihesabu, maana hapo akiba ni ndogo. Na maelezo ya zamani yanayokuambia uwashe hali ya kubana data ndani ya Chrome yamepitwa na wakati, kwani Google iliiondoa Machi 2022.

Sasa jambo ambalo watu hulipuuza wakaumia. Kwa kuwa seva ya kati ndiyo inayofungua ukurasa, katika akiba ya juu kabisa hata ukurasa wenye alama ya kufuli unafunguliwa kule kwanza kabla ya kukufikia. Benki, kodi, maombi ya pasipoti, malipo yoyote: tumia Chrome au Firefox, ambako usimbaji, yaani kuficha data kwa msimbo wa siri, unatoka kwenye simu yako mpaka kwenye tovuti bila mtu wa kati. Kuna sababu nyingine pia. Fomu ndefu hutegemea msimbo wa programu, yaani maagizo ya kompyuta, unaopaswa kukimbia ndani ya simu. Ukikimbizwa kwenye seva, kitufe cha kutuma kinabonyezwa bila jibu, au orodha ya wilaya haifunguki kabisa. Ukiona hivyo usijaze upya mara tatu. Nakili anwani, ibandike kwenye Chrome.

Hata baada ya kubadilisha chaguomsingi, viungo unavyogusa ndani ya Facebook vitaendelea kufunguka humohumo, kwa sababu programu hiyo ina kivinjari chake cha ndani. Gusa nukta tatu za juu, uchague kufungua kwenye kivinjari cha nje.

Wenye iPhone, kubadilisha chaguomsingi kumewezekana tangu iOS 14 ya mwaka 2020, lakini msitarajie tofauti kubwa ya kasi. Kwa Uganda, kivinjari chochote cha iPhone, hata kikiitwa Chrome au Firefox, kinachora kurasa kwa injini ya Apple, WebKit, ileile ya Safari. Huko mnachagua alamisho (kurasa mlizohifadhi), manenosiri na menyu tu.