Jinsi ya kuwasimamia machapleni walei katika usharika wa Kiunitari

Huku Kanada, ukialikwa kwenye harusi ya Waunitari, dhehebu huria lililotokana na Wakristo waliokataa fundisho la Utatu, mara nyingi anayefungisha ndoa si mchungaji. Ni mwalimu mstaafu, au nesi, au fundi umeme: muumini wa kawaida aliyeteuliwa na usharika wake kufungisha ndoa, kuongoza ibada za kuaga marehemu na kuwapa watoto majina. Huyo ndiye chapleni mlei. Waunitari wapo hata Kisii na Bujumbura, ila ninayoyaeleza hapa ni ya jimbo la British Columbia, ambako nimekuwa kwenye kamati inayowasimamia machapleni.

Hatua ya 1: Unda kamati. Watu watatu au wanne wanatosha. Mmoja awe aliwahi kuwa chapleni, maana ndiye atakayejua pale mwenzake anaposema "nipo sawa" na hayuko sawa.

Hatua ya 2: Tafuta msikilizaji. Kila usharika una msemaji wake hodari, na kila mtu atakuletea jina lake. Usiharakishe. Waunitari hawana kanuni ya imani ya kukiri, na wengi wanaoomba huduma hii si waumini wetu kabisa. Kwa hiyo mimi humpa anayetaka kuwa chapleni kisa: mzee amefariki, binti yake anataka Sala ya Baba Yetu isomwe, kaka mtu hataki Mungu atajwe. Utafanyaje? Akianza kunitolea mahubiri, namshukuru kwa chai na kumuaga. Mama mmoja aliniuliza, "Mzee mwenyewe alipenda nini?" Tukamteua.

Hatua ya 3: Mafunzo, kura, usajili. Mafunzo hutolewa na Baraza la Waunitari wa Kanada. Usharika hupiga kura, kisha jina hupelekwa kwenye ofisi ya jimbo inayosajili vizazi, vifo na ndoa. Kabla usajili haujathibitishwa, chapleni anaweza kuongoza ibada ya kuaga marehemu, lakini ndoa asiiguse.

Hatua ya 4: Kagua makaratasi mwenyewe. Hapa ndipo nilipoumbuka. Leseni ya ndoa hapa hudumu miezi mitatu tu. Mwaka wangu wa kwanza nilimwachia chapleni mpya kila kitu, na siku ya mazoezi, bwana harusi akatoa leseni mfukoni imekunjwa mara nne. Ilikuwa imekwisha muda siku mbili nyuma. Bahati nzuri, hapa leseni huuzwa hata kwa baadhi ya mawakala wa bima na hakuna siku za kusubiri; bibi harusi akakimbia na rola kichwani kabla ofisi hazijafungwa, akarudi na nyingine.

Tangu hapo chapleni hunitumia picha ya leseni wiki mbili kabla. Namkumbusha pia mashahidi wawili, kalamu ya wino inayoandika kweli, na fomu ya kusajili ndoa kurudishwa ofisi ya usajili ndani ya saa 48. Fomu isisafiri kwenye gari la bwana harusi. Itaishia fungate.

Hatua ya 5: Piga simu baada ya msiba. Harusi ikiisha, chapleni anakula keki na kwenda zake. Msiba haumwachi hivyo. Mimi hupiga simu siku ya pili au ya tatu, na siulizi ibada ilikwendaje; nauliza amelala vipi. Kama marehemu alikuwa mtoto, siishii kwenye simu, naenda nyumbani kwake. Chapleni akishaongoza misiba miwili mfululizo, wa tatu nampa mwenzake, hata akinuna.

Habari ya pesa ni fupi: ada ipangwe na kamati, iandikwe, na sehemu ya usharika ijulikane mapema. Chapleni asiachwe kujadiliana bei na wafiwa.

Hatua ya 6: Muda ukiisha, umeisha. Kikomo chetu ni miaka sita, na tarehe ya mwisho tunaiandika kwenye barua ya uteuzi ili isiwe habari mpya kwa mtu. Mwaka wa tano anaanza kufuatana na mrithi wake kazini. Kilio huwa kile kile: "Lakini familia fulani wameniomba mimi." Jibu letu ni kwamba aende kama mgeni, akae kiti cha mbele. Jioni ya siku yake ya mwisho iandikie ofisi ya usajili waliondoe jina lake, maana likibaki kwenye daftari, mwaka ujao kuna binamu atakayemwomba amfungishie ndoa.