Ukichaguliwa kamati ya maafa, anza na kauntabuku

Tetemeko la Kagera lilitupiga Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri hivi. Nilikuwa uani namenya ndizi. Kesho yake jioni, vumbi la matofali likiwa bado masikioni, wenzangu wa mtaa hapa Bukoba wakanichagua katibu wa kamati ya maafa. Sababu ilikuwa moja: mwalimu mstaafu, mwandiko wake unasomeka. Naandika haya kwa ajili ya yeyote atakayechaguliwa kesho kwa sababu kama hiyo, yawe mafuriko, moto au maporomoko.

Watu huuliza kama rushwa ndiyo inayozuia msaada usiwafikie waathirika. Nilivyoona mimi, lori kwa kawaida hufika. Upigaji mwingi niliougundua ulikuwa umeshafanyika kabla dereva hajawasha gari, kwenye karatasi ya majina.

Kwa hiyo andika orodha kabla msaada wowote haujatajwa. Siku mbili za kwanza watu husema kweli, maana hakuna anayejua kama kuna mabati yanakuja. Siku ya tatu, redio ikishatangaza ahadi, nyufa huanza kuzaana. Pita nyumba kwa nyumba, na msiwe chini ya watatu: mjumbe, mtu asiye na cheo chochote, na mwanamke anayezijua kaya. Sisi tulimchukua mama muuza dagaa. Alijua nani analisha wangapi kwa kukumbuka tu vipimo wanavyonunua, na mara mbili alimkatiza baba mwenye nyumba aliyetutajia watoto saba: "Baba, hao wengine wawili umewazaa lini?"

Tumia kauntabuku, siyo karatasi zilizo huru. Andika kwa wino. Kila ukurasa ukijaa, pigeni mstari chini ya jina la mwisho na wote watatu mtie sahihi palepale, mbele ya nyumba ya watu. Majina ya usiku hayapati pa kupenya. Mwaka ule nchi nzima ilikuwa inazungumzia watumishi hewa; mtaa wetu nao ulikuwa na kaya hewa zake, tatu nilizozijua, na sina hakika kama nilizijua zote.

Kosa letu kubwa lilikuwa kuandika nyumba na watu mahali pamoja. Tengeni kurasa. Mtaani kwetu nyumba nyingi ni za kupangisha. Mwenye nyumba mmoja anayeishi Mwanza alipiga simu, akaandikwa. Mpangaji wake, mama wa watoto wanne aliyekuwa analala nao migombani, hakuandikwa, kwa hoja kwamba "hana nyumba". Mabati ni ya mwenye nyumba, sawa. Lakini turubai, blanketi na unga ni haki ya aliyelala nje. Ilituchukua wiki nzima kulirekebisha hilo, na ilikuwa wiki ya mvua.

Orodha ikikamilika, itisha mkutano wa mtaa, soma majina yote kwa sauti, kisha bandika nakala ukutani. Mambo ya maradhi ya watu usiyasome wala usiyabandike. Mimi nilipofika jina la kumi na moja, bibi mmoja akaniuliza kutoka nyuma, "Mwalimu, huyo si shemeji yako? Nyumba yake hata plasta haikudondoka." Ilikuwa kweli. Nilimwandika kwa sababu mke wangu alininyamazia siku mbili mezani, nikaelewa anachotaka. Nikamfuta mbele ya watu. Shemeji hakunisemesha mpaka Pasaka. Majina yale yangesomwa ofisini mlango ukiwa umefungwa, angechukua mabati yake, nami ningeendelea kujiita mwadilifu.

Mchezo huuhuu wa majina ukifanywa na wakubwa huwa biashara. Mwaka 2018 shirika la Mercy Corps liligundua kwamba mashariki mwa Kongo wafanyakazi wa misaada, wafanyabiashara na viongozi wa maeneo walikuwa wakivimbisha idadi ya waliokimbia makazi yao, kisha wanagawana pesa za wasiokuwapo. Zilipotea zaidi ya dola 600,000.

Mzigo ukifika, usitie sahihi kwa furaha. Hesabu wakati unashushwa, siyo baadaye. Pima pia. Sisi tuliazima mizani ya mnunuzi wa kahawa, tukachagua viroba vitatu vya unga vilivyoandikwa kilo 25. Kimoja kilikuwa na 25, viwili vilikuwa na 22 na ushee, vimeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine. Msindikizaji akasema unga hupungua njiani. Basi niliandika upungufu huo kwenye hati yenyewe ya kupokelea, juu ya sahihi yangu, nikamwomba dereva naye asaini. Alisaini, maana alitaka kurudi mapema. Angalia uzi, nakwambia. Mtu hukumbuka kulinganisha uzito, anasahau rangi ya uzi.

Siku moja kabla ya kugawa, andika kwenye ubao: kila kaya ya watu kadhaa itapata hiki na hiki, bure. Neno "bure" liandike kubwa, kwa sababu hapo ndipo "ya soda" na "ya mafuta ya gari" huombwa. Na rushwa haiombwi kwa pesa tu. Wajane na wasichana wasiitwe mmoja mmoja kuchukua mgao stoo, wala jioni. Gaweni mchana, uwanjani, na kwenye meza ya kugawia awepo mwanamke.

Kwa ninyi mnaotuma pesa kutoka Dar au ughaibuni: ihakikisheni akaunti kwa njia mbili tofauti kabla ya kutuma. Baada ya tetemeko letu ilifunguliwa akaunti rasmi, Kamati Maafa Kagera. Kabla mwezi haujaisha Rais Magufuli alitengua uteuzi wa katibu tawala wa mkoa na wa mkurugenzi wa manispaa, kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na hilo. Jina la kwenye risiti peke yake lisikutoshe. Linganisha namba, tarakimu kwa tarakimu, na zilizotangazwa.

Sasa jambo linalonifanya nisipendwe vijiweni. Si kila msaada usiokufikia umeliwa. Januari 2017 Rais alikuja Kagera akasema wazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Michango ilielekezwa kwenye taasisi za umma, Sekondari ya Ihungo ikiwamo. Jirani zangu waliolala chini ya turubai walisema "wametula". Nami niliona uamuzi ule ulikuwa mchungu kwao, lakini jengo la Ihungo unaweza kuliendea ukaligusa. Kabla ya kupiga kelele za wizi, uliza kwa maandishi: kilichotolewa kilitolewa kwa kazi gani, na nani aliamua? Jibu likiwa uamuzi, upingeni mkutanoni au kwa diwani na mbunge. Likiwa ni kimya, au hesabu zinazobadilika kila ukiuliza, hapo piga TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, namba 113, ni bure.

Ukipiga, usiende na hasira tupu. Uwe na tarehe, idadi iliyopokelewa, idadi iliyogawiwa na majina ya waliokuwapo. Na kauntabuku liwe na nakala nje ya kamati. La kwetu lilipotea ofisini mwezi wa tatu, siku chache kabla ya wakaguzi. Nakala ilikuwa kwa mama muuza dagaa, chini ya kitanda, bado inanuka.