Namna ya Kubainisha Chanzo na Aina ya Ukimbizi wa Ndani

Unapoandikisha familia zilizokimbia makwao nchini Kenya, hakikisha kwanza kwamba zililazimika kuondoka na kwamba hazikuvuka mpaka wa nchi. Kwa mujibu wa Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998, hayo ndiyo yanayomtenga mkimbizi wa ndani na mtu aliyehama kwa hiari yake, na pia na mkimbizi aliyeingia nchi jirani.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu wakimbizi wa ndani inataja vyanzo vya ukimbizi huo kuwa vita, ghasia, ukiukaji wa haki za binadamu, majanga na miradi mikubwa ya maendeleo. Usimsomee mtu orodha hiyo ili achague; mwache asimulie siku aliyoondoka, kwa kuwa mara nyingi chanzo si kimoja. Katika kaunti ya Baringo, familia iliyowakimbia wezi wa mifugo na kuhamia karibu na ziwa inaweza kuhamishwa tena na maji, ambayo kufikia mwaka 2020 yalikuwa yamemeza nyumba na shule. Andika vyanzo vyote viwili kwa mfuatano wake.

Swali linalosahaulika, na ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, ni nini kinachomzuia kurudi. Mafuriko ya mto yakipungua, wengi hurejea baada ya muda mfupi, na huo ni ukimbizi wa muda. Aliyefukuzwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 anaweza kukuta amani imerejea ilhali shamba lake linalimwa na mwingine, naye akabaki mkimbizi kwa miaka mingi; hapo kizuizi ni ardhi, wala si ghasia tena.

Mwisho, usiishie kambini. Ghasia hizo ziliwang'oa zaidi ya watu 600,000, na karibu nusu yao walihifadhiwa na jamaa au wakapanga vyumba mijini. Serikali ilipoanzisha Operesheni Rudi Nyumbani mwezi Mei 2008, kwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila kaya, wengi wa hao hawakufikiwa kwa sababu majina yao hayakuwa kwenye daftari za kambi. Kwa hiyo waulize wazee wa mtaa na wenye nyumba za kupanga ni nani amepokea wageni, kisha uiandikishe familia ya mgeni peke yake, isichanganywe na ya mwenyeji.