Polisi wakimtoa mumeo nyumbani: kwa ndugu zangu wa Mtwara walioko Uingereza

Polisi wakimtoa mwanaume nyumbani usiku, mara nyingi kufika asubuhi habari imeshatua Masasi. Mjomba anapiga simu. "Mwanangu, tunasikia umemfukuza mumeo. Kweli na baridi ya huko?" Nimewahi kukaa na dada zetu simu kama hiyo ikiingia. Dada aliyesimama imara mbele ya polisi, mbele ya mjomba anaishiwa maneno. Kwetu mjomba hajibiwi hovyo. Ndiye aliyekaa kikao cha posa, na ndiye tuliyefundishwa kumpelekea mgogoro wa ndoa kabla haujafika kokote.

Basi kabla ya yote, shika jambo hili uweze kumwambia bila kutetereka: aliyemtoa ni polisi, siyo wewe. Usidhani nakutafutia kisingizio. Ndivyo sheria ilivyo.

Tangu Machi 2014, polisi wa England na Wales wanaweza kumpa mtu notisi ya kumlinda mwenza wake. Kwa kifupi wanaiita DVPN, jifunze herufi hizo. Inaidhinishwa na afisa wa cheo cha mrakibu au zaidi, akiwa na sababu za kuamini kwamba kuna aliyepigwa au kutishiwa na kwamba anahitaji kulindwa. Afisa anatakiwa azingatie maoni yako, ila ridhaa yako si sharti. Hata ukilia useme "mwacheni, ni mume wangu", notisi inaweza kutoka. Nyumba ikiwa kwa jina lake peke yake, bado anaweza kuamriwa atoke. Na mwanaume anayepigwa analindwa vilevile.

Notisi yenyewe ni ya muda mfupi sana. Ndani ya saa 48, bila kuhesabu Jumapili, polisi wanapeleka shauri mahakamani, na hakimu akiridhika anatoa amri ya siku zisizopungua 14 wala kuzidi 28. Akiivunja anakamatwa, na mahakama inaweza kumtoza pauni 50 kwa kila siku aliyokaidi, hadi pauni 5,000, au kumfunga hadi miezi miwili. Mweleze mjomba na hili: amri hiyo peke yake si hukumu ya jinai. Mkwe wake hajafungwa, ameambiwa akae mbali. Novemba 2024 ilianza kujaribiwa, kwanza Greater Manchester na baadhi ya maeneo ya London, amri mpya ya Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2021. Hiyo haina kikomo cha siku, na kuivunja ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka mitano.

Siku 28 zinakwisha upesi. Wengi wetu tunazitumia kupumua, na nani atamlaumu mtu kwa kupumua? Lakini siku ya 29 mlango unagongwa. Kwa hiyo wiki ya kwanza tu, omba amri yako mwenyewe katika mahakama ya familia. Fomu inaitwa FL401, haina ada, na kukiwa na hatari mahakama inaweza kutoa amri kabla mumeo hajaitwa. Akiivunja hiyo, ni jinai, hadi miaka mitano jela. Kama huna wakili, piga 0808 2000 247. Ni simu ya bure ya wahanga wa ukatili wa majumbani, saa 24, na unaweza kuomba mkalimani. Mkalimani asiwe mtoto wako, wala rafiki wa mumeo anayejua Kiingereza. Kwenye hatari ya papo hapo ni 999. Kama huwezi kuzungumza kwa kuwa yuko pembeni na unatumia simu ya mkononi, sikiliza ukiambiwa ubonyeze 55.

Usingoje alama mwilini. Sheria ya huku inahesabu pia vitisho, kukuchunga kila hatua, na kukunyima fedha. Nataja fedha kwa makusudi. Nimemsikia dada anayelea wazee usiku, mshahara wote unaingia kwa mume, anaambiwa umekwenda kununua salfa ya mikorosho Tandahimba, na yeye nauli ya basi anaomba. Hilo lieleze polisi kama lilivyo.

Kinachowafunga wengi midomo ni viza. "Nitakurudisha Mtwara" ni fimbo inayouma kuliko mkanda. Mumeo anaweza kutoa taarifa kwamba ndoa imekwisha, lakini uamuzi wa viza hauko mkononi mwake. Aliyekuja kwa viza ya mwenza, ndoa ikavunjika kwa ukatili, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu kwa sababu hiyo. Wakati anajiandaa anaweza kuomba ruhusa ya muda ya miezi mitatu inayomwezesha kupata msaada wa serikali. Ila ruhusa hiyo huchukua nafasi ya viza uliyonayo, kwa hiyo usiiombe kabla ya kuongea na mshauri wa uhamiaji mwenye leseni. Pasipoti, vyeti vya watoto na nywila za akaunti zako ziwe mahali unapozijua wewe.

Sasa nirudi kwa mjomba, maana hapa ndipo amri nyingi zinapotobolewa. Amri ya mahakama ya familia kwa kawaida humkataza mume kukutafuta mwenyewe au kupitia mtu mwingine. Akimpigia mjomba wake Newala na kumwambia "mbembeleze afute kesi", na mjomba huyo akakupigia, mume anaweza kuwa amevunja amri. Yule mzee hajui, anadhani anasuluhisha. Mwambie mapema, kwa heshima: "Mjomba, ukinibebea maneno yake, unaweza kumtia matatani yeye." Ujumbe wa sauti wa WhatsApp usiufute hata ukikuudhi. Hifadhi, andika tarehe na saa, wape polisi kila ujumbe mpya unapoingia. Amri ikivunjwa bila kuripotiwa haimzuii mtu. Na usimkaribishe mwenyewe kwa kumhurumia: ukitaka masharti yabadilike, rudi mahakamani.

Kikao cha ukoo siyo kwamba kimefutwa. Kinaweza kusubiri amri iishe, na mkikae bila kulazimishwa.

Ninyi mlioko nyumbani, amri ya Uingereza haina nguvu Mtwara. Mume akirudi kwa likizo, au ndugu zake wakamfuata mama yake mke kumtisha, nendeni kituo cha polisi, ulizieni Dawati la Jinsia na Watoto. Kama kuna jeraha chukueni PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ndipo mwende hospitali. Na mzee akisema mume ana haki ya kumrudi mkewe, msomeeni kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971: hakuna mwenza mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Sheria hiyohiyo inaipa mahakama uwezo, shauri la ndoa likiwa linaendelea au baada ya talaka, kumwamuru mtu aache kumsumbua mwenza wake.

Dada, usiku wa kwanza akishatolewa, badilisha nywila za simu na barua pepe, na waulize polisi kuhusu kubadili kufuli. Waambie shule ya watoto asubuhi hiyohiyo, uwape nakala ya amri. Kisha mpigie mama wewe mwenyewe, kabla hajaisikia kwa mjomba.