Kuunganisha Jokofu la Maji na Barafu kwenye Bomba la Nyumbani

Somo hili linahusu majokofu yenye mdomo wa maji mlangoni au kifaa cha kutengeneza barafu. Kabla ya kununua hata mrija, soma katika kijitabu cha jokofu lako presha ya maji inayotakiwa, kwani mengi hutaka isiyopungua bar 1.4, na mengine zaidi ya hapo.

Hapo ndipo nyumba nyingi za Dar es Salaam zinazotegemea tangi hukwama. Maji ya tangi husukumwa na kimo chake tu, na kila mita 10 za kimo huleta takriban bar 1. Kwa hiyo tangi lililo mita 4 juu ya jokofu hutoa bar 0.4, ingawa kwenye sinki maji yanaonekana kutoka vizuri. Presha ikiwa ndogo, vipande vya barafu hutoka vidogo, na valvu ya jokofu, yaani koki ya ndani inayofungulia na kufunga maji, ambayo husaidiwa na presha hiyohiyo kujifunga, huweza kubaki ikidondosha. Mwenye tangi la namna hiyo aweke kwanza pampu ndogo inayojiwasha maji yanapofunguliwa.

Hatua ya kwanza, chomoa jokofu kwenye umeme na ufunge koki kuu. Ya pili, chini ya sinki, kwenye bomba la maji baridi, weka kiungo cha T chenye koki yake ndogo, ukizungushia nyuzi za skrubu za kiungo utepe mweupe wa kuzuia uvujaji. Kuna koki za bei nafuu zinazobana bomba na kulitoboa kwa sindano. Mimi sizipendekezi, kwa kuwa tundu lake ni dogo, huziba upesi, na huvuja baada ya muda.

Ya tatu, pitisha mrija wa robo inchi hadi nyuma ya jokofu, ukiacha mita 2 za ziada zilizozungushwa kwa ulegevu ili jokofu liweze kuvutwa siku ya usafi. Ya nne, kabla ya kuufunga mrija kwenye jokofu, elekeza ncha yake kwenye ndoo na ufungue maji mpaka yatoke safi, maana vumbi la plastiki lililobaki bombani huziba valvu. Ndipo uunganishe, ufungue koki, na upapase kila kiungo kwa karatasi kavu.

Maswali ya wanachama

Swali: Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Je, chujio la ndani ya jokofu linatosha?

Jibu: Halitoshi, ndugu yangu. Chujio hilo la mkaa huondoa harufu na ladha ya klorini, lakini chumvi iliyoyeyuka hupita. Utahitaji mtambo wa kuchuja kwa utando, na kwa kuwa mtambo huo hupunguza presha, pima tena presha inayotoka kwake.

Swali: Nimeunganisha jana jioni, maji yanatoka, barafu hakuna. Nimekosea wapi?

Jibu: Huenda hujakosea. Barafu ya kwanza huweza kuchukua saa 24. Ukifika muda huo bila kitu, hakikisha kifaa cha barafu kimewashwa, friza imefika nyuzi 18 chini ya sifuri, na mrija haukukunjika uliporudisha jokofu ukutani. Barafu ya siku ya kwanza imwage.