Kabla ya upepo wa Juni: ya kuzingatia kwa anayelala nje Dodoma

Anayelala nje Dodoma ajiandae mwezi Mei. Mvua zimeshakatika, usiku bado unavumilika, na ndiyo maana wengi hujisahau mpaka upepo wa Juni unapoanza kuuma. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Julai jua linawaka vizuri tu, lakini alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na upepo juu yake. Haya ninayoyaandika ni maarifa ya watu wa barazani na kwenye mapagala, ambao wanayajua kuliko sisi tunaopita na mablanketi. Nayaandika kwa ajili ya mgeni aliyeshuka kwenye basi juzi na hana pa kwenda, na kwa yeyote mwenye ndugu wa namna hiyo.

Tafuta watu kwanza, mahali baadaye. Baraza zuri unalolala peke yako ni hatari kuliko baraza bovu lenye watu watatu wanaojuana. Msalimie mlinzi, mwambie jina lako na unakotoka, muulize wenye maduka wanafunga saa ngapi. Asubuhi amka kabla hawajafungua, kunja maboksi, fagia ulipolala. Mlinzi aliyekuzoea atakuamsha kukiwa na msako, atakutetea ukisingiziwa wizi, na ukiugua usiku atajua kwamba hujaamka. Kwa mwanamke hili ni la lazima: alale na wenzake, karibu na taa na penye watu wanaokesha, kama stendi au nje ya hospitali, hata kama kelele hazimpi usingizi mzuri.

Ukishapata watu, angalia upepo. Miezi hiyo unatoka mashariki, hivyo ukuta utakaokukinga ni ule ulio upande jua linakochomoza, nawe ulale nyuma yake. Kwenye pagala chagua chumba chenye tundu moja tu. Chenye madirisha mawili yanayotazamana kinapitisha upepo usiku kucha. Na makorongo yenye mchanga mlaini, yanayovutia sana wakati wa kiangazi, yahame mapema kabla mvua za Desemba hazijaanza. Maji hushuka kutoka vilimani hata pale ulipo pasiponyesha.

Baridi kubwa inatoka chini. Saruji inanyonya joto la mwili kuliko hewa inavyofanya, kwa hiyo mwenye blanketi moja nzito na sakafu tupu atatetemeka tu. Mzee mmoja wa maeneo ya Sabasaba alinionyesha anavyotandika: kiroba kwanza, juu yake boksi kubwa lililofunguliwa kwenye maungio na kukunjwa mara mbili, kisha kanga kuukuu. Magazeti anayaweka katikati ya shati mbili, kifuani na mgongoni. Soksi anavaa miguuni, na nyingine mikononi. Shati aliyobebea mizigo sokoni Majengo halali nayo hata siku moja, kwa sababu jasho likipoa mwilini linaleta baridi kuliko upepo wenyewe. Viatu vinakuwa mto, kamba zimefungwa kwenye mkono.

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya pagala lililozibwa kwa turubai. Hewa yake inayoua haionekani wala hainuki, na aliyelala haamki. Otea moto nje, uzime, ndipo mlale.

Karatasi zako, yaani namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, zitie kwenye nailoni na uzivae chini ya shati. Namba ya NIDA iandike pia mahali pengine, au mwachie mama ntilie unayemwamini. Bila hiyo huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, na bila laini hata ujira wa kibarua unapitia kwenye simu ya mtu mwingine.

Kikohozi kikizidi wiki mbili nenda kapime kifua kikuu. Vituo vya serikali vinatoa dawa bure, na ukizianza zimalize hata ukijisikia umepona. Ukikutana na mtoto analala nje peke yake, piga 116. Simu hiyo hailipiwi.

Ukiwauliza wanaolala nje wanatamani nini, wengi watakutajia chumba chenye mlango wa kufunga kwa ndani, na mtaji wa karanga au mitumba. Kinachowakwamisha mara nyingi ni wenye nyumba kutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Hapo ndipo uvunaji wa zabibu wa Agosti na Septemba, huko Mpunguzi, Hombolo na Bihawana, unaposaidia, kwa sababu vibarua hupatikana. Ndiyo sababu ya kuipita Julai ukiwa mzima. Patana ujira kabla hujashika mkasi, na mkubaliane unalipwa kila jioni au mwisho wa wiki. Fedha usilale nayo. Muwekeshe yule yule mama ntilie, mhesabu pamoja mbele ya mtu wa tatu. Chumba kitafute pembezoni, kwa mwenye nyumba anayepokea kodi ya mwezi mmoja mmoja, na umwombe mlinzi wako akusindikize siku ya kwenda kuongea naye.